Kocha wetu wa besiboli alivyonitunza kwa ajili ya Goma, Nyakiriba wakatutoa

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenitokea mwenyewe hapa Gisenyi. Sijaongeza chumvi, kisa chenyewe kilikuja kimeshakolea.

Ndiyo, Gisenyi tunacheza besiboli. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, tuendelee.

Mimi ni pitcher, yaani yule anayemrushia mpira mpinzani mwenye gongo. Kwenye timu yetu mrushaji wa maana ni mimi. Sijisifu, mkiwaona wenzangu mtanielewa. Ila ukirusha mechi nzima leo, kesho hufai, mkono umekufa. Kwa hiyo kocha lazima apange nani aanze dhidi ya nani.

Hapo ndipo akili ya kocha wetu iliposhindwa kazi.

Jumamosi tulikuwa na Nyakiriba, na mshindi akutane na Goma Jumapili. Kocha, mtu aliyesomea besiboli YouTube, alikuwa anawaza Goma tu. Anafanya biashara pale mpakani, Petite Barrière, na Wakongo humtania kila asubuhi. Kufungwa na Goma kwake ni msiba. Nyakiriba aliwaona wakulima tu.

Na mimi nilikuwa na langu. Mzee wangu anaishi Goma, fundi cherehani, hajawahi kuniona nikicheza hata siku moja. Mchezo wenyewe anauita kurushiana mawe. Safari hii alikubali kuvuka Jumapili, eti aje aone watu wa kwao wakinitandika. Wakuu, nilifurahi sana.

Sasa Jumamosi ile ilikuwa ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, asubuhi nchi nzima iko na majembe. Mechi mchana. Kocha akajiona amegundua dunia.

"Bale bakulima batakuya bamechoka," akatuambia. "Umuganda itabamaliza. Fidèle anatosha."

Fidèle, mrushaji wetu wa pili, ni karani wa ofisi. Jembe analishika mara moja kwa mwezi, siku hiyo hiyo ya umuganda.

Mnaona tunakoelekea?

Nyakiriba walikuja wanacheka. Mtu anayelima viazi kila siku, umuganda kwake ni kupasha misuli tu. Aliyekuja amekwisha ni Fidèle wetu. Alikuwa amechimba mtaro asubuhi nzima, viganja vyote malengelenge, mpira haushikiki. Akirusha anakunja uso, na wale jamaa wanaupiga wanavyotaka.

Nikamfuata kocha. "Kocha, niingize. Mi niko tayari."

"Petit, tulia. Mukono yako ni ya Goma."

"Goma gani, na tunatoka leo?"

"Bon, we ndio kocha?"

Nikarudi kukaa, mkono umefunikwa koti usipate baridi, kama maandazi. Amri ya kocha hiyo.

Tukafungwa kumi na moja kwa mbili. Baada ya mechi kocha akatuelimisha kwamba mpango wake ulikuwa sahihi, ila matokeo ndiyo hayakuufuata. Alisema hivyo bila kucheka, wakuu.

Sikuwa na uso wa kumpigia mzee simu. Jumapili akavuka, amevaa suti yake ya kanisani, tukakaa pamoja pembeni ya uwanja tukiwaangalia Nyakiriba na Goma. Mchezo ukamnogea, akawa anapiga makofi kwa kila mtu. Katikati ya mechi akanigeukia.

"Sasa we utaingia saa ngapi?"

"Papa, siingii. Tulitolewa jana."

Akaacha kupiga makofi.

"Donc nimevuka kuona batoto ya bengine."

Kufungwa hakukuniuma hivyo. Hapo nilitamani ardhi ipasuke.

Nilichojifunza ni kwamba mpinzani mkubwa ni yule aliye mbele yako leo. Huyo wa kesho unamtunzia mrushaji wako bora, na kesho yenyewe nani amekuahidi? Na ukitaka kujua nani amechoka, usiangalie nani amelima. Angalia nani hajazoea kulima.

Juzi kocha ametuma mpangilio wa mashindano yajayo kwenye group. Mechi ya kwanza ni Kanzenze, wakulima tena, na ataanza Fidèle. Mimi nimetunzwa kwa ajili ya fainali.

Karibuni mnishauri wakuu, nihame timu au nimnunulie Fidèle glovu za kulimia?