Niliongeza majani ya springi kwenye pikapu ya dizeli, Mtae nzima tukakosa pa kuishia kupakia

Wakuu, salamu kwenu nyote, na shikamoo kwa wanaostahili.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo nimekuta watu wanashauriana kuongeza majani ya springi kwenye pikapu, mkono ukaniwasha. Naeleza yaliyonikuta, kama yalivyokuwa. Atakayedhani ni chai apande Mtae, aulizie pikapu ya bluu ya mtoto wa mama Zaina. Wataanza kwa kucheka, halafu watanyamaza.

Mimi ni Msambaa wa huko huko, kule juu ukingoni barabara inakoishia. Shule niliishia la saba.

Ni miaka ile ruksa imekolea. Mitumba imejaa magulioni, na magari yaliyotumika ya Japani yanashuka bandarini kila leo. Zamani mwenye gari alikuwa misheni, ushirika au serikali. Ghafla hata mtu kama mimi akaanza kuota.

Na kwa kuota nilikuwa hodari wakuu. Ndoto yangu ilikuwa mama.

Mama alibeba mizigo kichwani tangu hajanizaa. Viazi, kabichi, matunda damu, kwenda gulioni Lukozi na kurudi. Utosini, pale ngata inapokaa, nywele zilikuwa zimekatika, mviringo kabisa. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wote wako hivyo.

Nilipoelewa kwamba siyo wote, nikajiapia kwamba nitanunua gari na mama hatabeba tena.

Nilianza utingo kwenye lori la mboga, nikajifunzia humo udereva, nikaanza kununua kabichi na kuziuza Tanga. Mwishoni mama akauza ng'ombe wake wa maziwa kuniongezea. Nilisita. Akaniambia ng'ombe hapandi mlima na mzigo mgongoni, nenda kalete hilo gari.

Nikalileta. Pikapu ya dizeli, mlango mmoja kila upande, sauti kama mashine ya kusaga. Siku naingia kijijini nilikuwa natabasamu hadi mashavu yanauma.

Kwa wanaoanza kumiliki dizeli, nilifanya haya. Nilimwaga oil yote nikaweka mpya. Nikabadili filta ya oil na ya dizeli. Nikajifunza kufungua kile kikombe cha chini ya filta na kutoa maji, maana dizeli ya madumu tuliyouziwa huko juu ilikuwa imechanganyika na kila kitu. Nozeli nilizipeleka kupimwa.

Hita plagi zilikuwa zimeungua, na asubuhi za Mtae ukungu unaingia hadi jikoni. Basi nikawa naegesha pua ikitazama mteremko, majirani wanasukuma, linawaka. Hakuna aliyekataa kusukuma. Aliyesukuma alijua tenga lake halitakosa nafasi.

Tatizo ni kwamba nafasi haikutosha.

Kila gulio kuna mizigo ilibaki barabarani. Unamwacha bibi wa watu kasimama na matenga yake ya matunda damu, unajua kufikia kesho yameanza kuvuja. Mimi moyo wangu mwepesi. Nilikuwa sitazami kioo cha nyuma.

Ndipo nikaenda Lushoto kwa fundi Athumani. Nikaweka keria ya mabomba, matairi yenye meno, na springi. Athumani alikuwa na majani ya springi ya lori lililokufa. Akayakata, akayapanga juu ya yale ya kwangu, akafunga.

"Kijana," akasema, "hili sasa ni lori limevaa nguo za pikapu."

Nilicheka njia nzima. Likiwa tupu lilikuwa linaruka kama mbuzi.

Sasa hapa ndipo penye uzi wenyewe.

Kwetu hakuna aliyekuwa anapima mzigo kwa kilo. Mzani wetu ulikuwa macho. Gari linapakiwa hadi likae, yaani nyuma ishuke. Na hatamki kila mtu kwamba limekaa, kuna mtu wake. Kwetu alikuwa mjomba Hoza, kaka yake mama. Anachuchumaa nyuma ya gari, anatazama uwazi kati ya tairi na bodi. Ukibaki kama vidole vinne anasema, "Limekaa." Baada ya hapo haongezi mtu hata kabichi moja, hata mwenye gari. Madereva waliotoka mbali nao walimsikiliza.

Na kwa Wasambaa mjomba ni mjomba. Hubishani naye.

Mama muda wote huo alikuwa hajapanda. Nilimbembeleza nimzungushe tu hadi msikitini na kurudi, akakataa. Gari haliendi tupu, alisema, dizeli siyo maji ya mto. Alisubiri matunda damu yake yaive, apande na mzigo wake mwenyewe.

Yakaiva. Siku ya gulio akaja na kanga zake nzuri, akakaa mbele, mikono magotini. Sikuwahi kumwona amekaa vile siku ya gulio.

Nyuma wanapakia. Matenga, magunia ya viazi, kabichi, matenga tena. Mjomba anachuchumaa, anatazama, anatikisa kichwa. Halijakaa. Wanaongeza. Anachuchumaa tena. Halijakaa.

Mzigo ulipovuka kichwa cha kebini nikasogea.

"Mjomba, naona panatosha."

"Unaona kwa macho gani? Gari limesimama kama bwana harusi. Leteni viazi."

Watu wakacheka. Mama akatoa kichwa dirishani. "Kaka, gari la mtoto hilo."

"Ndiyo maana nalipakia mwenyewe, dada. Mgoshi wetu amefunga springi za lori, wewe ulitaka abebe mchicha?"

Nikaona raha wakuu, nisiwadanganye. Na hakuna mzigo uliobaki barabarani siku ile. Hata mmoja.

Tukaondoka. Mjomba alibaki, akasema atatufuata kwa miguu. Steringi ilikuwa nyepesi mno, kama nashika ungo. Ugeni wa kumiliki ukanifanya nidhani ndiyo gari limepata nguvu. Kumbe mzigo wa nyuma ulikuwa unainyanyua pua.

Mama alikuwa anapunga mkono kwa kila mtu tunayempita, hata wasiomjua. Akagusa kiti, akasema ni laini kuliko kitanda chake. Akaniuliza kama huwa nachoka kuendesha. Nikamwambia sijawahi.

Kabla ya Lukozi kuna mpando, na juu yake maji ya mvua yalikuwa yamechimba mtaro. Nikaingia gia ya kwanza, polepole kabisa. Matairi ya mbele yakavuka. Ya nyuma yakadondoka mtaroni.

Chini pakalia kama mkaratusi unapokatika.

Halafu pua ikainuka. Mbele yangu nikaona mawingu tu. Chesisi ilikuwa imevunjika nyuma ya kebini, propela shafti imechomoka, na nyuma huko matenga yanabingirika kwenda bondeni.

Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Akaniuliza taratibu, "Tumefika?"

Nikazima injini, nikamfungulia mlango.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini jasho la ukingo mzima lilikuwa limemwagika kwenye korongo lile. Matunda damu yalipasuka, bonde likawa jekundu. Wenye mizigo walifika mmoja mmoja, na hakuna aliyenitukana. Walishuka kuokota.

Mjomba Hoza naye akafika. Hakunisalimu. Alikwenda nyuma, akachuchumaa palepale anapochuchumaga siku zote, akatazama uwazi kati ya tairi na bodi. Ulikuwa mpana vilevile. Chesisi imekatika vipande viwili, springi zimesimama wima kama hazikuguswa.

"Lakini halikukaa," akasema. Kwa sauti ya chini, kama anaongea na gari.

Nilipogeuka nikamwona mama anafungua pindo la kanga. Alikuwa na ngata. Alipanda gari la mwanawe na ngata yake, mazoea tu. Akaikunja vizuri, akaiweka utosini, akainamia tenga moja lililopona.

"Acha niyafikishe haya machache, yasiharibike," akasema. "Wewe baki na gari lako, watu wasije wakalifungua."

Nikamsaidia kujitwika. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Yaliyofuata wakuu ni maumivu ya polepole. Athumani alichomelea bamba pande zote mbili. Likakaa upande, likawa linakula matairi. Propela shafti ikaanza kutetemeka, gia boksi ikafa. Bamba halikuachia, chesisi ilipasuka pembeni yake. Tukachomelea, ikapasuka mbele zaidi. Niliuza injini, kisha kebini. Yale majani ya springi aliyachukua mhunzi wa majembe. Yalikuwa mazima kabisa.

Mjomba hakuchuchumaa tena nyuma ya gari la mtu. Akiitwa alijibu macho yamezeeka.

Mama alibeba hadi shingo ilipokataa. Hakunilaumu hata siku moja. Akiulizwa kuhusu pikapu anasifia kiti, anasimulia watu aliowapungia. Anasimulia kana kwamba tulifika. Mimi hutoka nje.

Nilichojifunza: gari kushuka nyuma siyo ugonjwa, ndivyo linavyosema limetosha. Ukiongeza springi hujaongeza chesisi, wala breki, wala injini. Umeliziba mdomo tu, na litabeba kimya hadi likatike.

Mafundi wa humu, kama kulikuwa na namna ya kuinyoosha chesisi ile, niambieni, hata kama haisaidii tena. Wenye pikapu nao waseme wanajuaje kwamba limetosha.

Na kama mama yako hajawahi kupanda gari lako, usisubiri mavuno wala usisubiri umalize kulitengeneza. Mpandishe leo, likiwa tupu. Akilalamikia dizeli, mwache alalamike mkiwa njiani.