Ngai Hana Pointi za Uhai

Leo nimeondoka kwenye meza ya mchezo bila kuaga, na sirudi!

Kwa wasiojua: kila Ijumaa watu wanne wa ofisi yetu hapa Riyadh hukutana mkahawani, mtaa wa Malaz. Siku hizi mikahawa ya michezo imejaa. Tunaigiza mashujaa, tunarusha dadu, tunaua mazimwi. Rashidi wa Tanga ndiye msimulizi, yeye hutunga maadui.

Leo akaweka karatasi ya adui mpya mezani.

"Adui wa mwisho ni Ngai wa Mlima Kirinyaga. Pointi za uhai mia mbili. Ndugu yangu, nimekuletea wa nyumbani!"

Ati wa nyumbani.

Jameni, hilo ndilo jina nyanya yangu hutaja akibariki chakula. Ndilo liko kwenye Biblia yetu ya Kikuyu. Nirushe dadu nimuue?

Nikamuuliza, "Mbona Mungu wako hayumo?"

"Astaghfirullah! Huyo hachezewi. Hawa ni wa hadithi tu."

Hapo nikawaka. Niliyomwambia siyaandiki, mamangu yuko humu.

Nikamgeukia Suresh, Mhindi tunayekaa naye dawati moja ofisini, aniunge mkono.

Akakusanya dadu zake polepole.

"Wiki jana tulimuua Durga, mungu wetu wa kike," akasema. "Mama yangu humwashia taa kila asubuhi. Pigo la mwisho lilikuwa lako."

Nikachukua koti nikatoka.

Kwa hivyo kabla hamjanitukania Rashidi, shukeni chini kwa ukurasa wangu mtazame picha ya wiki jana. Nimeinua karatasi ya Durga, nimekenua meno yote.

Aliyeipiga ni Suresh.