Mkaguzi Ametujibu kwa Kichagga

Leo mkaguzi wa hesabu ametujibu kwa Kichagga akiwa Dar.

(Hapa ni marafiki tu. Tafadhali msisambaze.)

Zamani wakaguzi walikuja Moshi wenyewe. Unawapa chai, unawauliza kwao ni wapi. Siku hizi wanakagua kwa simu ya video. Mimi karani ndiye ninayepita na simu ghalani, wao wanaangalia magunia ya kahawa wakiwa huko huko.

Huyu wa leo hakuwasha hata kamera yake. Kwenye skrini paliandikwa neno moja tu: Mkaguzi.

Tulipokaribia safu ya nyuma, bosi akanisemesha Kichagga, kwa upole kabisa, kama anayeniulizia habari za nyumbani. Alisema nisipeleke simu huko, yale magunia yana maganda matupu.

Kisha simu ikajibu. Kichagga cha Marangu, safi kuliko changu: "Shikamoo baba. Yana maganda tangu lini?"

Bosi akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Jamani, aliitikia.

Mkaguzi akarudi kwenye Kiswahili. "Dada, naomba unipeleke huko nyuma. Fungua gunia moja."

Bosi akaniangalia. "Ukifungua, kesho usije."

Nikafungua.

Sasa niko nyumbani Njoro. Mama anauliza mbona nimewahi kurudi.

Semeni kweli, nyie mngefungua?