Vidole Viwili vya Mama

Mama alipofika kwangu, mtaani Kasha, akitokea kijijini Kalehe, mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia vidole hadi karibu na goti. Maisha yake yote alilima peku kwenye udongo mwekundu. Uvimbe ulianza polepole, ukipungua akilala na kurudi akisimama, mpaka siku moja ukakataa kupungua. Juu ya kifundo palikuwa na kidonda kipana kama kifuniko cha thermos, kinachotoa maji bila kukauka. Alikuwa amekifunga kwa kipande cha kitenge.

Kule kijijini walimwambia amekanyaga dawa aliyotegewa njiani. Mganga alimpaka majivu na majani yaliyopondwa, ngozi ikaungua zaidi. Mimi niliamini nusunusu. Kilichonisumbua zaidi ni aibu. Harufu ilijaa nyumba yetu ya vyumba viwili, na wageni wakija nilimwomba akae jikoni, nyuma. Baada ya wiki mbili sikuhitaji tena kumwomba. Akisikia hodi tu, alinyanyuka mwenyewe, akijishikilia ukutani.

Mwishowe nilimpeleka kituo cha afya. Muuguzi wa pale, mwanamke wa makamo, ndiye wa kwanza kuushika mguu ule bila kugeuza uso.

“Maman, hii si sumu,” alimwambia. “Ni maji imekosa njia ya kupanda. Tutaosha, tutafunga, na wewe utainua muguu ukikaa.”

Kisha akanifundisha kuzungusha bande, kitambaa chembamba cha kufungia, kuanzia kwenye vidole kupanda juu. “Usikaze sana. Angalia vidole. Vikikuwa baridi ao vikigeuka rangi, fungua palepale.”

Kwa miezi mitano nilibeba bidoni za maji kupanda mlima, kwa sababu bomba la kwetu hutoa maji likitaka. Nilichemsha, nikapoza, nikamwosha kwa sabuni, nikamkausha katikati ya vidole. Kidonda kikawa chekundu kisafi, kikaanza kujifunga pembeni. Mama alikipima kwa vidole vya mkono na kunitangazia kila kinapopungua. Akaanza kukaa nje, mlangoni, na kusalimia wapita njia.

Ikafika komunyo ya kwanza ya binti yangu. Mama alikuwa hajaingia kanisani miaka miwili, na mimi nilitaka aingie amevaa viatu, si kandambili kama mgonjwa. Asubuhi ile nilivuta bande kwa nguvu zangu zote ili mguu upungue.

“Mutoto wangu, inanikaza.”

“Vumilia, maman. Ni leo tu.”

Kiatu kiliingia. Nilifurahi kweli.

Misa ilikuwa ndefu, kisha picha, kisha chakula na wageni, na safari hii mama alikaa sebuleni pamoja nao. Mchana alinigusa mkono, akaninong'oneza: “Vidole, sivisikie tena.” Nilikuwa nimeshika sahani ya ndizi. Nikamjibu kwamba ni vizuri, maumivu yamekwisha.

Jioni nilipofungua, vidole viwili vya mwisho vilikuwa na rangi ya bilinganya, baridi kama jiwe. Nilivisugua, nikavipasha kwa maji moto, nikalia. Siku ya tatu vilikuwa vyeusi kabisa, na hospitalini wakavikata.

Daktari aliuliza ni nani aliyefunga ile bande. Nilifungua mdomo, lakini mama akanitangulia.

“Ni mie mwenyewe, docteur.”

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza kwa nini alidanganya. Alikuwa amelala, mguu umeinuliwa juu ya mto, anatazama mabati.

“Ningesema nini? Nilikuambia mara mbili,” alisema.

Hakupandisha sauti. Ningependelea anitukane.

Kidonda cha juu kilifunga kiangazi kile, kikafunguka tena mvua zilipoanza. Uvimbe upo bado. Sasa anajifunga mwenyewe, ingawa kuinama kunamkata pumzi, na bande inakuwa legelege, inateremka kabla ya saa sita. Mimi nachemsha maji, naweka beseni karibu na kitanda chake. Anasema asante, anangoja nitoke, halafu anavuta pazia.