Utani Nilioutoa Msibani Naipingo

Sitaji jina, na wewe ukinitambua ninyamazie. Nianze na hili ili usihangaike kunihurumia: kosa ni langu, nililifanya mchana kweupe nikiwa na akili zangu timamu, na nilipolifanya nilifurahi.

Mimi ni Mmwera wa Naipingo, Nachingwea. Nilikuwa nasoma uzamivu wa pamoja, ule ambao vyuo viwili vya nchi mbili vinakusimamia na kukupa shahada moja. Chuo kimoja hapa Tanzania, kingine Ubelgiji. Msimamizi mmoja huku, mmoja kule, na husogei hatua mpaka wote wawili wakubali.

Tulichaguliwa wawili, mimi na kijana wa Kisukuma nitakayemwita Renatus. Mimi nichunguze wakulima wa Naipingo, yeye wafugaji wa Nandagala, upande wa Ruangwa. Maana kwetu siku hizi wamehamia wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa, na ng'ombe akiona mbaazi haulizi ni za nani. Ugomvi hauishi.

Lakini nyumbani kwetu kulikuwa na jambo ambalo hakuna profesa aliyewahi kulisikia.

Miaka ya nyuma ng'ombe wa mfugaji mmoja, Mabula, walimaliza shamba la mbaazi la bibi yangu. Vijana wakashika mapanga. Bibi akawazuia, akamgeukia Mabula: "Umelala shambani kwangu bila mahari, basi mimi ni mkeo. Lete maziwa." Watu wakacheka, Mabula mwenyewe akacheka, maziwa yakaja.

Toka hapo akawa mtani wetu. Sisemi utani wa kuchekeana njiani, nasema utani wenyewe, wa msibani. Mabula anakuja kwenye mazishi, anakalia jembe la wachimba kaburi mpaka apewe kuku, anamsema marehemu kwa uchoyo wake, na hakuna wa kukasirika. Ng'ombe wakiingia shambani, mambo yanaishia kwenye matusi na kidumu cha maziwa. Mimi aliniita mwizi wa maziwa kila nilipokuja likizo.

Hiyo ndiyo niliyokuwa nimepanga iwe tasnifu yangu: jinsi mgeni anavyogeuzwa mtani na mapanga yakarudi ndani. Sasa mimi na mdomo wangu, nikamsimulia Renatus yote tukila wali maharage sokoni Ruangwa tunasubiri basi. Alinisikiliza vizuri mno, mshenzi yule. Akaniongezea na soda.

Ukafika mkutano wetu wa mtandaoni na wasimamizi. Nilikuwa Nachingwea mjini, mtandao unakatakata, nikaingia nimechelewa. Namkuta Renatus anazungumza. Bibi yangu amekuwa "mwanamke mmoja mzee". Mahari, maziwa, jembe la kaburi, vyote viko mdomoni mwake. Profesa wa Ubelgiji akapiga makofi peke yake kwenye kioo. Renatus akapewa nafasi ya kutangulia Ulaya, ila kwanza aje Naipingo amalizie utafiti kwa Mabula.

Nilimpigia msimamizi wangu wa hapa nchini nikalia. Akaniuliza, "Uliandika popote?"

Nikamwambia sikuandika, nilisimulia.

"Basi mwanangu, tafuta kingine."

Tafuta kingine! Neno hilo lilinikwama kama mwiba wa samaki.

Renatus akaja kweli, akafikia kwa Mabula. Ana kifaa chake cha kupimia, anazunguka mashamba ya watu akichora njia za ng'ombe. Tukikutana ni "dada vipi", meno yote nje. Nilimchukia mpaka mwendo wake.

Akafa jirani yetu, Mzee Saidi. Mabula akaja kutania kama kawaida, na nyuma yake Renatus, mtani mgeni. Nikaona mlango umefunguka. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi, nikasimama mbele ya watu wote.

"Jamani mwangalieni vizuri huyu," nikasema. "Huyu hakufuata msiba. Amekuja kupima makaburi, akimaliza anahamia kwenye mikorosho. Ulaya wameshamchorea ramani, Naipingo yote imeandikwa malisho. Mzee Saidi amewahi kuondoka, ninyi mtazikwa zizini."

Watu wakaangua kicheko. Renatus naye akacheka, angefanyaje? Mtani akikusema msibani hujitetei. Ukianza kuleta ushahidi, wewe ndiye umevunja msiba. Nililijua hilo vizuri, nilikuwa nalisomea. Nilimkazia macho mpaka kicheko kikamwisha, kisha nikarudi kusonga ugali. Raha niliyoisikia siku ile sijaisikia tena maishani.

Ila watu walikuwa wameshakiona kile kifaa mashambani. Walipofika majumbani kwao hawakukumbuka kicheko, walikumbuka ramani.

Mimi nilitaka wamfukuze Renatus tu, na walimfukuza. Halafu hawakuishia hapo. Vijana wakazuia ng'ombe wa Mabula kunywa maji, ng'ombe wengine wakakatwa mapanga. Bibi akatoka na fimbo yake, akawatania, akawatukana, safari hii hakuna aliyecheka. Mabula akachukua watoto na mifugo iliyobaki, akahamia Nandagala.

Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba hataki tena kumwona mtafiti.

"Hata mimi?" nikamuuliza.

"Si mnasoma pamoja? Hata wewe."

Chuo cha hapa kilitaka nisubiri hasira zipoe niendelee. Cha Ubelgiji kikasema wanakijiji wakishakataa, wamekataa. Na bila wote wawili hakuna shahada. Nikatoka hivihivi. Renatus akahamishiwa wilaya nyingine na mada nyingine, sasa yuko Ubelgiji, anarusha picha kwenye status amevaa koti la baridi. Sitawadanganya: bado namtakia mabaya. Nikiiona ile picha natamani ateleze.

Lakini lililonirudi halikupitia kwa Renatus.

Bibi aliugua. Siku moja namlisha uji akaniuliza, "Mume wangu mbona haji kunitukana?"

Nikamwambia Mabula amesafiri.

"Akija mwambie asinichelewee," akasema. "Nataka akalie jembe."

Hakuja. Tulimzika Bibi, na kaburi lilichimbwa kimya mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyedai kuku, hakuna aliyemsema kwa lolote. Jembe lilikuwa limelala pale pembeni, mimi nikalitazama, nikaangua kilio. Wanawake wakanishika wakidhani ni uchungu wa kufiwa tu.

Baada ya arobaini nikaenda Nandagala. Nilimkuta Mabula anakamua. Akaacha kazi, akaniletea kiti, akanikaribisha kwa mikono miwili. Nikamwambia kila kitu: kwamba ramani ilikuwa uongo, niliutunga kwa sababu ya Renatus, na Bibi amekufa akimuulizia.

"Uliyasema msibani," akajibu. "Ya msibani hayana kesi. Sasa nikusamehe nini?"

"Basi nitukane, baba," nikamwomba. "Niite mwizi wa maziwa."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Mimi sasa nakuheshimu." Akanijazia chupa ya maziwa niende nayo, akanisindikiza mpaka njiani.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, umeibiwa kazi yako na roho inawaka, sikukatazi kukasirika. Nenda kwa wasimamizi wote wawili, wa hapa na wa ng'ambo, ukapige kelele mpaka wakuchoke. Ukitaka kumtukana mtu, mtukane mahali anapoweza kukujibu, ili siku ukijua umekosea uwe na pa kuombea radhi. Mimi nilijificha kwenye utani, na utani wenyewe umekufa. Siku hizi nikikutana na Mabula gulioni anavua kofia, ananipisha njia, ananiita dokta.