Abiria wa Baiskeli Nyeusi

Kaa hapo nikueleze jinsi nilivyonunua baiskeli yangu ya kwanza. Tukifika katikati utasema natunga, na sitakulaumu. Lakini baiskeli yenyewe iko hapo chini, nimeifunga kwenye vyuma vya ngazi, na mambo haya yalinipata mchana, jua likiwaka, nikiwa na akili zangu zote.

Kwanza uelewe kwa nini niliihitaji. Mimi ni kibarua. Asubuhi tunasimama kwenye lango la kiwanda, msimamizi anatoka, anachukua waliotangulia, lango linafungwa. Kutoka kwangu Kware hadi pale kwa miguu, hata nikiamka na majogoo, nilikuwa nafika wakati wa kuona migongo ya wenzangu ikiingia. Ningeendelea hivyo, kazi ingekuwa ya wengine. Akiba yangu ilitosha baiskeli moja, tena iliyotumika. Nikikosea kuchagua, hakuna ya pili.

Basi Jumamosi nikaenda Kariobangi kwa fundi mmoja anayeitwa Wekesa, anayefufua baiskeli kuukuu kando ya wachomeleaji. Macho yangu yakakimbilia nyekundu moja yenye gia nyingi. Wekesa akacheka.

"Dada, hiyo ni ya kupigia picha. Gia nyingi ni magonjwa mengi. Unataka kufika kazini ama unataka kunitembelea kila wiki?"

Hapo alisema kweli, na wewe pia uliweke neno hilo akilini. Baiskeli ya gia moja haina mambo mengi ya kuharibika, na ikiharibika, fundi yeyote wa kando ya barabara anaijua. Halafu huku kwetu milima iko wapi? Akanionyesha nyeusi, nzito, yenye keria pana ya chuma nyuma.

Sasa kuna desturi ya pale. Mteja akitaka kujaribu baiskeli, muuzaji hukaa nyuma kwenye keria. Si urafiki. Ni kwamba kuna walioenda kujaribu na mpaka leo wanajaribu. Kwa hivyo nilipopanda na kuhisi keria ikididimia, sikugeuka. Ningegeukia nini? Fundi ameketi. Nikaondoka.

"Usiunyonge huo usukani, mama," sauti ikasema nyuma yangu. "Haujakukosea."

Nikalegeza mikono, na baiskeli ikanyooka.

"Sasa breki. Anza na ya nyuma, halafu ya mbele. Ukiishika ya mbele peke yake utabusu lami, na lami haina mapenzi."

Nilicheka hadi nikakaribia kuingia kwenye sukuma wiki za mama mmoja aliyezipanga chini.

"Angalia unakokwenda. Baiskeli hufuata macho."

Niamini, sijawahi kufundishwa kitu kwa upole namna ile. Sauti ilisikika kama ya mtu aliyemzidi Wekesa umri, lakini kwa kelele za wachomeleaji, nani angepima? Tulipofika kwenye mwinuko karibu na soko nikaanza kuhema.

"Fundi, wewe ni mzito," nikamwambia.

"Nimezoea kubeba, sijazoea kubebwa. Vumilia. Sasa sikiliza chini ya mguu wako wa kulia. Unasikia tik?"

Nikasikia. Kila pedali ilipozunguka, tik.

"Ni pini inayoushika mkono wa pedali. Imelika. Mwambie Wekesa aibadilishe kabla hujamlipa. Mimi nilimwambia, akasema kesho."

Mwambie Wekesa? Hapo ndipo nilipojiuliza, huyu mtu anajitaja vipi kama jirani yake? Lakini nilikuwa nimekwisha kupinda kona ya mwisho. Na mbele yangu, mlangoni pa kibanda, alikuwa amesimama Wekesa, mikono kiunoni.

"Dada, unanitafutia presha? Nimekwambia ngoja nifunge sanduku la vifaa nikae nyuma, ukahepa. Nilishaanza kuuliza watu umevaa nguo gani."

Nikashuka, nikageuka. Keria ilikuwa tupu. Lakini tairi la nyuma lilikuwa bado limebonyea, kama linavyobonyea likibeba mtu. Kisha, mimi na Wekesa tukiangalia, likainuka polepole. Mtu alikuwa ameshuka.

Nilipompa Wekesa maneno ya pini, akakaa chini juu ya rundo la tairi.

"Huyo ni Mzee Ainea," akasema. Akanieleza kwamba mzee huyo alisambaza mikate kwa baiskeli ile miaka na miaka, akazeeka, akafia kitandani kwake. "Kwetu kitu cha marehemu hakihami hivi hivi. Mtu wa nyumba hukikabidhi kwa mkono, akimtaja mwenyewe jina. Mjane wake aliponiuzia alikuwa na haraka ya basi la nyumbani, na mimi sikumkumbusha. Chukua ile nyekundu, dada. Nitakupunguzia."

Nikafikiri. Ile nyekundu haikuwa na mtu, lakini pia hakuna aliyeniambia kasoro yake. Huyu mzee alinitajia ubovu wa baiskeli yake mwenyewe kabla sijatoa pesa. Muuzaji gani aliye hai amewahi kukufanyia hivyo?

"Toa hiyo pini," nikasema.

Ilipotoka ilikuwa nyembamba kama njiti ya kiberiti. Ingekatikia barabarani, katikati ya malori. Wekesa akaweka mpya, akapangusa mikono, kisha akaushika usukani pamoja nami badala ya mjane.

"Mzee Ainea," akasema, "baiskeli yako sasa ni ya huyu dada."

"Habari yako, Mzee Ainea," nikasema. "Twende nyumbani."

Keria ikadidimia kidogo, ikatulia.

Jumatatu nilifika langoni kabla ya msimamizi mwenyewe, na tangu hapo sijafungiwa nje. Mzee bado yupo. Siku nyingine tairi la nyuma linabonyea bila mzigo, na nikikaribia njia panda kwa kasi nasikia mtu akikohoa. Napunguza.

Mwezi uliopita jirani yangu Mutua, ambaye ni dereva, aliniomba baiskeli. Nikamwambia amsalimie mwenyewe kwanza.

"Nisalimie chuma?" akaniuliza, akaondoka akipiga mluzi.

Alirudi akiisukuma, shati limelowa jasho, akidai alibebeshwa gunia lisiloonekana, na kwamba gunia lenyewe lilikuwa likimkosoa njia nzima.

Kwa hivyo nunua, usiogope, hata kama mfuko ni mwembamba. Gia moja itakufikisha. Lakini baiskeli iliyotumika usiilipie kabla hujamuuliza fundi ilikuwa ya nani. Akikupa jina, lishike. Siku ya kwanza simama kando yake, weka mkono kwenye keria, msalimie mwenyewe kwa jina lake, ndipo upande.