Skrubu Niliyoigusa Kabla ya Kuosha Sponji

Mpaka leo nikisikia harufu ya salfa, mawazo yananirudisha kwenye asubuhi moja ya kijijini kwetu Mahurunga, na yakishanirudisha huko hata chakula hakipiti. Kaa, mwanangu, nikusimulie. Muda ninao. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto wangu wapo Dar es Salaam, na hapa Chikongola, Mtwara mjini, wateja wa kibanda changu ni wale wenye pampu za zamani, ambazo nyie mafundi wa siku hizi hamtaki hata kuziangalia. Kwa hiyo usinikatize.

Nilikuwa nimekaa gereji ya mjini miezi minane tu, na kichwa kimevimba. Mjomba Mfaume, kaka yake mama, akaniletea ujumbe: msimu wa kupulizia mikorosho umefika na pampu inasumbua, njoo. Sisi Wamakonde mjomba akiita huulizi kwa nini. Nikapanda gari na boksi langu la spana nimelipakata mapajani, watu walione.

Pampu yenyewe ni ile ya kubeba mgongoni, yenye injini ndogo ya petroli, inayorusha unga wa salfa juu kwenye maua. Bila salfa, maua yanashikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe, yanakauka na korosho huzioni. Shamba zima la Mjomba lilitegemea pampu hiyo moja, kuukuu, imefungwa waya hapa na mpira pale.

Mbebaji wake alikuwa Bakari. Bakari alikuwa Mmakua, yatima, Mjomba alimchukua akiwa mdogo sana. Tuliingia jando pamoja, tukalia pamoja, tukatoka pamoja. Ndugu wa tumbo moja ninao, lakini mtu wa kumwambia neno la moyoni alikuwa Bakari peke yake. Mwaka ule Mjomba alikuwa amemwahidi mbele ya wazee kwamba msimu ukienda vizuri, mikorosho ya bondeni itakuwa mikononi mwake na atajenga nyumba yake hapohapo. Kwa mtu asiye na kwao, ahadi ile ilikuwa kila kitu.

Aliponiona na boksi langu alicheka mpaka akakaa chini.

"Lahaula! Wamakonde mmeishiwa mafundi mpaka wamekutuma wewe?"

"Nyamaza, Mmakua. Lete pampu."

Akaitoa stoo. Ilikuwa imefunikwa kiroba kitupu cha salfa, kama wanavyofanya kule nyumba nyingi, isiingie umande. Tukaiwasha. Ukiivuta mafuta inakwenda, japo kwa uzito. Ukiiachia ikae kwenye sailensa, yaani ingurume polepole bila kazi, inakohoa, inatoa moshi mweusi, inanuka petroli mbichi, kisha inazima. Nikafungua plagi, nyeusi tititi, imejaa masizi. Hapo hata wewe ungejua: petroli imezidi hewa. Ugonjwa niliujua barabara. Sababu yake sikuitafuta.

"Ngoja kwanza nioshe sponji," Bakari akasema. Sponji ni ile inayochuja hewa kabla haijaingia kwenye kabureta. "Kila msimu huwa naiosha kabla ya kazi."

"Fundi nani hapa?" nikamwuliza. Watu walikuwa wamesimama wanatazama, unaelewa. Nikachomoa bisibisi, nikaifunga kidogo skrubu ya sailensa. Injini ikatulia. Nikaifunga na ile ya pili, ya mafuta ya kazi nzito, moshi ukakatika kabisa. Ikanguruma vizuri mno, mwanangu. Watu wakapiga makofi. Mjomba akanishika bega. Nikalala usingizi mzuri.

Kumbe unga uliobaki kwenye kile kiroba ulikuwa umeingia kwenye sponji miezi yote ile pampu imekaa stoo, umeiziba. Pampu haikuwa na mafuta mengi hata kidogo. Ilikuwa inakosa hewa. Na mimi, badala ya kuirudishia hewa, nikaipunguzia mafuta mpaka yakalingana na ile hewa kidogo iliyobaki.

Alfajiri, kabla sijaamka, Bakari aliosha sponji yake kwa petroli kama kawaida yake, akaikausha, akairudisha. Akachanganya oili, akabeba mzigo akaenda shambani. Sasa hewa imejaa tele, mafuta nimeyabana. Na hizi injini za kuchanganya, oili inaingia pamoja na petroli. Ukiinyima petroli, umeinyima na oili. Alipofika mstari wa nne wa mikorosho, injini ikalia sauti kali, ikakamata, yaani pistoni ikaganda ndani, kimya.

Niliitwa. Nikaifungua palepale chini, nikakuta pistoni imechunika ubavu mzima. Kisha nikaiona sponji, safi, laini. Nikaelewa yote kwa mara moja.

Mjomba alikuwa amesimama juu yangu. "Fundi, ni nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu tu: Ni mimi, Mjomba. Majirani wamejaa. Wale waliopiga makofi jana wapo. Nikasema, "Oili ilikuwa kidogo."

Mjomba akageuka. "Bakari, oili anachanganya nani?"

"Mimi, Mjomba."

"Basi."

Bakari aliniangalia tu, nami nikainama kukusanya spana ambazo hazikuwa zimetawanyika.

Pampu ya kuazima ilipatikana baada ya wiki mbili, na ubwiri ulikuwa umeshashika maua. Upande mkubwa wa shamba maua yalikauka. Mikorosho ya bondeni akapewa mtu mwingine. Mimi siku ya tatu nilikuwa nimesharudi mjini, nikijiambia nitakwenda kusema wiki ijayo, Mjomba hasira zikipoa. Wiki ijayo ikawa mwezi. Mvua zilipoanza nikasikia Bakari amevuka Ruvuma, yuko upande wa Msumbiji, hajaaga mtu. Mjomba alizikwa akiamini kwamba yule kijana aliyemlea alimharibia msimu kwa uzembe.

Nimeishi na watu wengi tangu hapo, nimeoa, nimezaa, nimefundisha mafundi. Rafiki mwingine sikupata. Sikosi watu wa kusalimiana nao, mtaa mzima unaniita mzee. Ila jioni nikishafunga kibanda, mtu ninayetaka kuzungumza naye ni yuleyule, na nina aibu kulitaja jina lake hata nikiwa peke yangu.

Miaka mitatu iliyopita nikasema potelea mbali, nikavuka Ruvuma kumtafuta. Nikamkuta. Mzee mwenzangu, mvi kichwa kizima, ana wajukuu na shamba lake la mihogo. Akanikaribisha kwa adabu, akaagiza maji, akaniita mgeni. Nikamwambia yote, skrubu, sponji, pistoni. Nilikuwa nalia, sikufichi.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Nilijua," akasema. "Oili niliichanganya kwa mkono wangu, nilijua iko sawa."

"Mbona hukusema, Bakari?"

"Ningesema mimi, nani angeniamini? Wewe mpwa, mimi wa kuokotwa. Nilikuwa nangoja useme wewe. Nikajipa muda mpaka mvua ya kwanza. Kila gari lililotoka Mtwara nilikwenda barabarani kuangalia kama umeshuka."

Akanimiminia chai, akaniuliza kama mwenye mtumbwi atanisubiri. Akanisindikiza mpaka mtoni, tukapeana mikono. Nilimwachia namba yangu ya simu. Hajapiga, na simlaumu.

Sasa sikia, wewe unayeshika bisibisi leo. Injini kuukuu ikikuzingua kwenye sailensa, moshi mweusi na petroli inanuka, usikimbilie skrubu. Toa sponji, iwashe bila hiyo kwa dakika moja tu, uisikilize. Ikitulia, umeshapata jibu, ioshe. Isipotulia, tazama choki, kile kifuniko cha kubana hewa wakati wa kuwasha, mara nyingi hufunga na haifunguki yote. Kisha fungua kabureta uone ile sindano ya kuzuia petroli kama imelika inavujisha. Skrubu iwe ya mwisho kabisa, na kabla hujaigeuza hesabu mizunguko yake, ili ukikosea uweze kuirudisha ilipokuwa. Na mtu anayeitumia mashine kila siku akikwambia neno, funga mdomo umsikilize, hata kama hajui kusoma.

Hayo ni ya injini, utayajua tu hata nisipokufundisha. Langu hasa ni hili. Utaharibu kitu cha mtu. Kila fundi huharibu, mimi sijamwona ambaye hajaharibu. Siku hiyo, mbele ya watu haohao waliokusifu, sema ni wewe, na useme kabla injini haijapoa. Utachekwa au utatukanwa, yote yanakwisha. Usimwachie mwenzio aende barabarani kungoja gari ambalo hukupanda.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi mwepesi wa kukiri. Akupe riziki ya halali katika kazi yako, akulinde na sifa za bure. Na ukifika umri wangu, akujalie mtu mmoja wa zamani anayekujua vizuri, aje kibandani kwako mchana kweupe bila kuitwa, akae, akutukane kwa mapenzi, na asiwe na haraka ya kuondoka. Amin.